Maji Yanayopita kwa Mkwe

Mpemba, Tunduma
Jumatano, mwezi wa saba

Kwako wifi yangu Fausta,

Pokea salamu kutoka huku mpakani, mimi nikiwa na afya ya kutosha kukuandikia. Natumaini nawe u mzima, na shemeji, na watoto. Nasikia Chitete imekuwa vumbi tupu tangu mvua zikatike. Poleni na mafua. Kuhusu sauti yako siulizi, maana najua haijapata mafua. Imetufikia huku, imefika Mbebe kwa baba zako wadogo, na mama yangu mzazi kule Hasamba ameletewa maneno yako akiwa katikati ya kuchuma kahawa, akaweka kikapu chini akanipigia simu analia. Hilo la mama yangu sijalisamehe, na nakuambia mapema ili usije ukadhani barua hii ni ya kuomba radhi.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema nisikilize, unakata, na kwenye lile kundi la ukoo ulishanitoa. Karatasi huwezi kuikata katikati ya sentensi. Unaweza kuichana, lakini hutaichana kabla hujaimaliza, kwa jinsi ninavyokujua unavyopenda habari za nyumba za watu.

Nimepata taarifa kwamba Jumamosi unakuja na gari kumchukua Mzee ukakae naye huko kwako. Sababu ulizotangaza ni mbili: kwamba namnyima maji ya moto ili afe haraka, na kwamba nilipompa hayo maji nikampa yenye aibu yangu ndani yake. Tena unataka wazee wa Mbebe wanitoze ng'ombe wa kuiosha hiyo aibu. Sawa. Kabla hujakodi hilo gari, soma kwanza.

Nianze na chumba. Baba yenu alipoletwa hapa, kifua chake kimeshindwa na ukungu wa Mbebe, ni mimi niliyesema apewe chumba cha juu kabisa, kile cha chini ya paa. Wewe ukasema nimemtupa darini kama gunia la mbegu. Hukujiuliza kwa nini. Mimi ni mkwe wake. Kwa desturi yenu, ambayo niliikuta nikaibeba bila kunung'unika, mke wa mtoto haonani uso kwa uso na baba wa mume wake. Hatupishani mlangoni, hatuli pamoja, hatusemezani, wala jina lake silitaji. Chumba kile kina ngazi yake ya nje na bafu lake. Ningemweka chini, mmoja wetu angelazimika kuishi kwa kujificha, na wa kujificha angekuwa mimi, ndani ya nyumba niliyoijenga na mume wangu.

Tumeishi hivyo vizuri. Kwa taarifa yako, mimi na Mzee tunaelewana kuliko ninavyoelewana na wewe, na tumefika hapo bila kuambiana neno. Akitaka jambo humwambia paka. Anakaa juu ya ngazi anamwambia paka kwamba leo maharage yalikolea, au kwamba blanketi moja halitoshi, nami nikiwa jikoni na dirisha wazi nasikia. Nikitaka kumjibu namwambia paka huyo huyo akishuka. Kaka yako Yesaya hucheka anasema paka wetu ndiye mtu pekee mwenye siri za pande zote mbili.

Sasa hayo maji. Hita yetu iko chini, stoo, pembeni ya jiko, kwa kuwa lile tangi ni zito na dari isingelibeba. Bomba la maji ya moto linatoka hapo, linapita jikoni, linapita kwenye bafu langu, ndipo linapanda kwa Mzee. Ni safari ndefu. Maji yaliyobaki ndani ya bomba tangu mara ya mwisho yanakuwa yamepoa, na lazima yatoke yote kabla ya moto kufika juu. Kwangu ni kidogo tu. Kwake unaweza kumenya viazi vya familia nzima ukisubiri. Hilo hatukulijua, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyewahi kuoga kule.

Mwezi wa tano ulipokuja kumsalimia, ulipanda ukaingia bafuni, ukafungua koki ya moto, ukashika maji, yakawa ya baridi, ukafunga. Ulisubiri? Hukusubiri. Ulishuka umefura, ukasimama uani pangu, ukasema mbele ya jirani aliyekuja kuazima kinu kwamba Mnyiha huyu atatuulia baba. Nilikuwa na mikono imejaa unga. Nilikuomba upande tena uiache koki wazi kwa muda, ukaniambia hutafundishwa kufungua koki na mtu aliyekulia kwenye mashamba ya kahawa. Nalikumbuka hilo neno kama lilivyo.

Ulipoondoka nilimwuliza paka. Nilimwuliza kwa sauti, pale chini ya ngazi, kama ni kweli Mzee anaoga maji ya baridi. Mzee akamjibu paka kwamba maji yanayomwagika bure ni dhambi. Ndipo nikaelewa. Alikuwa anafungua, anakuta baridi, anaona yanakwenda tu shimoni, anafunga. Mama yake aliyachota bondeni kwa mtungi, anayaonea huruma. Akawa anajimwagia ya baridi haraka haraka na kutetemeka peke yake, na kukohoa kukazidi, na kwa paka hakulalamika kwa sababu yeye hana tabia ya kulalamika. Hiyo tabia sijui uliirithi kwa nani.

Nilianza kumchemshia ndoo na kuiacha juu ya ngazi, kisha nashuka naye anatoka kuichukua. Siku moja ikamponyoka, ikabaki kidogo tu imuunguze mguu. Yesaya akaona isiwe shida, akamleta fundi kutoka Nakonde, upande wa Zambia, anaitwa Clever, kijana mchangamfu anayechanganya Kibemba na Kiingereza na Kiswahili katika pumzi moja, na mimi ananiita ba mayo, yaani mama. Clever akapanda, akashuka, akasema bomba si bovu na hita si mbovu, tatizo ni maji kulala ndani ya bomba. Maji yasilale, alisema. Akaweka bomba la pili jembamba la kuyarudisha kutoka bafu la Mzee hadi kwenye hita, akalivika la kwanza sponji lisipoteze joto, na pale chini akafunga pampu ndogo inayolia taratibu kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Maji yakawa yanapanda, yanakuta koki imefungwa, yanarudi kupashwa, yanapanda tena. Kuna kidude kinachoyapima. Yakiwa na moto wa kutosha pampu inajizima yenyewe, yakipoa inaamka.

Siku ya kwanza Mzee alipofungua, moto ulikuwa pale pale kwenye koki unamsubiri. Alimwita paka asubuhi hiyo akamweleza kwa kirefu. Alisema ameoga mpaka mifupa imecheka. Tangu siku hiyo akawa anaimba bafuni, zile nyimbo za kwaya ya Mbebe, sauti ya nne, na kikohozi kikaanza kumwachia. Mimi nikiwa jikoni nilikuwa nazima redio nimsikilize. Niliona nimeshinda, na ndiyo, niliona nimekushinda wewe.

Kaka yako naye, kwa furaha zake za kitoto, akakupigia simu kukueleza jinsi mambo yalivyo. Nilikuwepo. Alikwambia maji sasa yanazunguka nyumba nzima, yanapita jikoni, yanapita kwa Restuta, yanafika kwa baba, yanarudi. Nikamwona anacheka, basi nikadhani nawe unacheka.

Haukupita muda nyimbo zikakoma. Nilidhani ni uchovu. Kisha nikaona taulo lake limeanikwa juu kavu, kesho yake kavu, keshokutwa kavu. Nikamwuliza paka, Mzee akajibu kwamba yuko salama, na paka aache maswali. Kikohozi kikarudi. Nikamwambia Yesaya kabla hajasafiri, akapanda kumwuliza, akashuka akasema baba kasema kila kitu ni sawa. Nyinyi watoto wa Mzee mkiambiwa sawa mnaamini, kwa sababu kuamini hakuna kazi.

Wakati huo huo nikasikia neno jipya kutoka Mbebe, kwamba mkwe wa Tunduma amemwogesha baba wa mume wake masalia yake. Watu wakasema maji ninayooga yanapandishwa kwa pampu. Wengine wakasema ni dawa ya kumtawala Mzee anipe shamba. Sikujua ni nani ameanzisha. Nilimpigia Clever, akaja, akanionyesha kwa kidole njia yote, na akaniapia kwamba maji yakishatoka kwenye koki yangu yanakwenda shimoni na hayana njia ya kurudi hata kama ningetaka. Kinachozunguka ni maji ambayo hayajamgusa mtu yeyote. Nilimwelewa. Lakini ningemwelezaje Mzee? Jambo la mwili wangu na maji yangu ya kuoga, nimwambie paka kwa sauti uani? Kuna mambo ambayo hata paka haambiwi. Kwa hiyo nikamwambia Clever aliondoe kabisa tawi la bomba linaloingia bafuni kwangu, azibe. Akashangaa, akaziba. Tangu siku hiyo hadi leo mimi naogea ndoo ya maji niliyochemsha kwenye mkaa, na bomba la maji ya moto nyumbani kwangu linapita ukutani kwangu bila kuniona. Hilo hukulitangaza kwa sababu hukulijua, na hukulijua kwa sababu hukuuliza.

Lakini Mzee naye hakulijua, na mimi sikuwa na mdomo wa kumwambia. Yesaya alikuwa ameshavuka mpaka na lori lake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mpaka sasa hujaambiwa, na ni mimi niliyemzuia Yesaya asikwambie, maana nilitaka ulisikie kwangu.

Ilikuwa asubuhi, yeye amekwama kwenye foleni ya malori kule Kasumbalesa, njia ya Kongo, mimi niko jikoni nakoroga uji wa Mzee. Nikasikia kishindo juu. Halafu nikasikia maji yanaendelea kumwagika mahali pamoja, sauti ile ile, kama hayampati mtu anayesogea. Nikatoka hadi chini ya ngazi. Nikamwita paka kwa nguvu, nikamwuliza Mzee ni mzima. Kimya. Nikamwuliza tena. Paka mwenyewe alikuwa amekaa miguuni pangu ananitazama. Wanaume wa nyumba za jirani walikuwa wameshakwenda mpakani kwenye shughuli zao, na wa kumwita alikuwa mbali. Nikasimama pale, wifi, nikiwa na mwiko mkononi, ule wa uji, na mwiko mwingine kichwani, ule wenu. Wa uji nikauweka chini kwenye ngazi. Wenu nikauweka hapo hapo.

Nikapanda. Mlangoni nikamwita kwa jina lake. Ndiyo, umesoma vizuri. Lile jina ambalo tangu niolewe halijawahi kunitoka, mpaka hata nikiulizwa Yesaya yuko wapi siwezi kusema sijui aliko kama watu wengine wanavyosema, najizungusha nikasema sijui anapopatikana, na wenye maduka wanakicheka Kiswahili changu. Siku ile nilisema Aliko, Aliko, ni mimi Restuta, naingia. Nikaingia.

Alikuwa sakafuni, hana nguo, midomo imebadilika rangi, koki ya baridi iko wazi inammwagikia mgongoni. Ile ya moto alikuwa ameizungushia kitambaa akakaza fundo, kama mtu anayefunga mdomo wa mbwa asiyemwamini. Nilimvuta nikamkalisha kwenye stuli. Fundo lilinishinda kwa vidole, nikalifungua kwa meno. Maji ya moto yakaja wakati ule ule, wala hayakunichelewesha, na nakuambia kama ningesubiri kama zamani sijui kama leo ungekuwa na baba wa kumfuata na gari. Nikammwagia mabega, mgongo, kifua, miguu. Alikuwa amejichafua kwa kuanguka, nikampaka sabuni nikamsafisha kila mahali, kama nilivyomsafisha baba yangu mwenyewe siku zake za mwisho. Sikuona haya. Nilikuwa na hasira tu, na sikujua bado ni ya nani.

Alifumba macho muda mrefu. Kutetemeka kulipopungua akasema, bila kumtafuta paka, kwamba kumbe ni ya moto hivi. Hilo ndilo neno la kwanza baba wa mume wangu aliloniambia mimi. Halafu akaniuliza, amegeuzia uso ukutani, kama ni kweli kwamba maji yale huwa yameshapita mwilini mwangu. Nikamwambia hapana, baba. Yaliyonigusa mimi yanakwenda shimoni, na zaidi ya hapo mimi sina tena bomba, nimeziba, naogea ndoo. Akageuka akanitazama. Akasema basi wewe Fausta ulimpigia simu ukamwambia kwamba pampu inanyonya maji niliyoogea mimi na kumpandishia yeye, kwamba kila asubuhi anapoimba anaoga jasho la mkwe wake, na kwamba ukoo mzima unajua isipokuwa yeye.

Sijui kama uliamini ulichosema au ulikitunga. Nimelifikiria sana na nimeona kwangu haina tofauti. Kama hukuelewa, ulikuwa na kaka wa kumwuliza, lakini ukaona heri umpigie mzee mgonjwa na kumtia aibu ndani ya mwili wake mwenyewe, ili mimi nionekane. Ulitaka kunipiga mimi, fimbo ikampata yeye sakafuni. Nakuchukia kwa hilo, Fausta. Naandika neno hilo nikiwa nimetulia, uji umeiva na nyumba imefagiliwa.

Nyonga yake haikuvunjika, daktari amempima. Lakini imevimba na hawezi kusimama bafuni bila kushikwa. Yesaya aliporudi alimwogesha yeye, kwa siku alizokuwepo, na kila mara Mzee alikuwa anamlalamikia kwamba ana mikono kama ya kupakia mahindi. Alipotaka kusafiri tena akauliza tumtafute nani. Mzee akasema aitwe Restuta.

Na kuhusu ng'ombe wako, Mzee amelimaliza mwenyewe. Alimweleza Yesaya kwamba mwiko ule uliwekwa kwa heshima yake, kwa hiyo mwenye kuufungua ni yeye, wala si wazee wa Mbebe na wala si wewe. Akasema mkwe akifunguliwa hupewa, hatoi. Mtamba mmoja ametolewa kwenye zizi lake na ameshafika Hasamba, kwa mama yangu. Ukitaka kuhakikisha, piga simu kwa baba zako wadogo. Mara hii uliza kabla ya kusema.

Jumamosi njoo. Sitafunga geti, na chakula nitapika, maana hata wewe ukija kwangu unakula. Ukitaka kumchukua, mwulize yeye. Ila uje na jibu la swali moja ambalo atakuuliza: huko Chitete ni nani atamwogesha? Wewe ni binti yake, na kwa desturi yenu huwezi kumvua nguo. Shemeji yuko kazini kutwa. Maji yenu yanatoka kwenye tangi lililoko nje. Mimi majibu sina, labda wewe unayo. Na kama utafika mapema, kaa sebuleni usubiri. Usiite ngazini. Saa hizo nakuwa juu namsugua baba mgongo, na akishtuliwa huteleza.

Nisalimie watoto, na mwambie shemeji kwamba sina neno naye. Yesaya akipata mtandao huko njiani atakusalimu mwenyewe, kama atataka. Paka hajambo, siku hizi hana kazi.

Barua hii nimemsomea baba yote kabla ya kuifunga, taratibu, kuanzia salamu. Nilimwuliza kama kuna mahali nipunguze makali. Amesema nisipunguze neno.

Ni mimi,
Restuta